Sauti ya Upande wa Kulia

Mwezi uliopita tulimzika Mama Elija shambani kwake kule Njoro, na mwanawe Daudi akasisitiza nikae kiti cha mbele pamoja na wajukuu, mimi niliyekaa nyumbani kwa mama huyo mwaka mmoja tu, tena kama mpangaji. Watu walinitazama. Mama mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole mimi ni binti wa upande gani, nikamwambia nilikuwa nimepanga chumba kwake mjini Nakuru, mtaa wa Section 58, wakati nikisoma, akasema "aah" kama mtu ambaye bado anangoja jibu. Mhubiri alipoanza kuomba, spika moja ya hema ilikatika, na kabla vijana wa muziki hawajainuka Daudi alikuwa ameshainama kwenye waya, mzee mzima mwenye mvi ndani ya suti ya mazishi. Aliporudi kuketi hakunitazama, nami sikumtazama. Tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinirudia, hasa alasiri, nyumba ikiwa kimya.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimekuja Nakuru kusomea ufundi wa redio na televisheni, wasichana wawili peke yetu katika darasa la wavulana. Chumba nilichopewa na Mama Elija kilikuwa cha mwanawe wa kwanza. Aliniambia hivyo siku ya kwanza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. "Hapa palikuwa pa Elija. Kitanda ni kipya, usiogope." Kilikuwa chumba kizuri chenye dirisha linaloangalia upande wa ziwa, na kipindi cha kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la magadi lililokaa juu ya vitabu vyangu kama unga. Kitu kimoja tu sikukielewa. Juu ya kuta zote nne, karibu na dari, kulikuwa na misumari iliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka chumba kizima, na chini, karibu na sakafu, tundu la ukubwa wa kidole gumba lililotoboa ukuta mpaka sebuleni, likiwa limezibwa kwa kitambaa. Baadaye nikajua misumari ile ilikuwa ya kutundikia mablanketi. Elija na mdogo wake Daudi waliimba harusini na kwenye mikutano ya kanisa, na Elija alikifanya chumba chake kiwe mahali pa kurekodi. Yeye aliimba humu, mlango umefungwa na mablanketi yamening'inia. Daudi aliimba sebuleni. Waya wa maikrofoni ya Elija ulipita kwenye tundu lile ukaungana na wa Daudi kwenye mashine ya kaseti. Alitaka kila sauti iwe na upande wake: Daudi spika ya kushoto, yeye spika ya kulia, zisigusane mpaka zikutane masikioni mwa msikilizaji.

Elija alikuwa amekufa miezi michache kabla sijafika. Walikuwa wakipeleka vyombo vya muziki kwenye harusi Molo, Daudi akiendesha pikapu, na breki zikakataa kwenye mteremko wa Salgaa. Daudi alitoka na mkono uliovunjika. Hakuna aliyenisimulia haya kwa mpangilio. Niliyaokota jikoni, wanawake wa kanisa walipokuja kumtembelea mama na kuongea kwa sauti ya chini wakidhani mpangaji hasikii. Nilichokiona kwa macho yangu ni Jumamosi. Kila Jumamosi Daudi alikuja kutoka Njoro na mkebe wa maziwa, akasimama nje ya mlango wa jikoni. Mama Elija aliupokea mkebe, akamimina maziwa kwenye sufuria, akausuuza na kumrudishia, yote bila neno. Kama nilikuwepo aliniambia mimi, "Cherono, mwambie asante," na Daudi akiwa palepale, hatua moja kutoka kwangu, nikamwambia, "Mama anasema asante." Naye akajibu, "Mwambie karibu." Kisha akaondoka. Sebuleni, spika ya kushoto ilikuwa imegeuzwa kuelekea ukutani na kufunikwa kitambaa cha kufuma, kama kioo kinavyofunikwa kwenye nyumba ya msiba.

Siku niliyoisikia sauti kwa mara ya kwanza nilikuwa mgonjwa. Nilirudi mapema kutoka chuoni, mwili ukiuma, nikajilaza bila kumwambia mtu, kwa hivyo Mama Elija hakujua niko ndani. Alasiri hiyo mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mlima Menengai lakini mvua haikunyesha, na nyumba ilikuwa na ule ukimya wa kabla ya mvua. Kaseti ikaanza kucheza sebuleni. Sauti ya mwanamume mmoja, nzuri, ikiimba wimbo wa kanisa polepole, ikaingia kupitia lile tundu kana kwamba mwimbaji amelala sakafuni upande wa pili wa ukuta. Wimbo ukaisha. Kukawa na mvumo mtupu wa kaseti. Halafu, mbali sana, sauti nyembamba isiyo na kifua ikasema kitu nisichokishika, na Mama Elija akaijibu.

"Bado kidogo," alisema. "Bado kidogo, mwanangu. Wacha nimalize ya hapa."

Kaseti ikarudishwa nyuma. Nikasikia mwisho wa wimbo tena, mvumo tena, ile sauti tena, na yeye akijibu tena, maneno mengine kidogo, jinsi watu hujibizana kutoka chumba hadi chumba. Nilivuta blanketi mpaka mdomoni. Mara nyingi nimewasikia watu wakisema nywele ziliwasimama, nikidhani ni maneno tu. Siku ile zilisimama, na nikabaki nikitazama misumari juu ya ukuta mpaka giza lilipoanza kuingia naye akagonga mlango kuuliza kama nimeshafika.

Baada ya hapo nilisikiliza, ingawa sikutaka. Ilikuwa kila siku, saa zilezile za chai. Niliongeza kitambaa kwenye tundu na kusogeza kitanda ukuta wa pili, na bado nikawa najua ni lini wimbo unaisha, kwa sababu hata bila kusikia nilijikuta nimeacha kuandika na kuinua kichwa. Mwishowe ni yeye aliyeniita. Tulikuwa tumemaliza kula, yaani mimi nilikuwa nimekula. Yeye siku hizo alipika chakula kamili, ugali na mboga ya managu au mukimo wa viazi na maharagwe ya kukaanga, akanipakulia, kisha akaketi kunitazama bila sahani yake. "Kuja usikie kitu," aliniambia. Akanikalisha mbele ya spika ya kulia, karibu kabisa, akabonyeza.

Wimbo ukaisha, ukaja mvumo. Na ndani ya mvumo ule, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya bonde: "Mama... kuja ukae na sisi."

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Anasema *sisi*. Ni yeye na marehemu baba yake." Alisema bila machozi, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. "Hii kaseti naijua kabisa, Cherono. Wakati alikuwa hai, hapo katikati ya nyimbo palikuwa kimya. Hapakuwa na mtu. Aliniambia mwenyewe, Mama, ukizungusha hii ya balansi kwa kulia unanisikia mimi peke yangu. Hivyo ndivyo nilikuwa naisikiliza. Hii sauti imeingia baada ya matanga."

Nilitaka kumwambia ni stesheni ya redio iliyojipenyeza, jambo ambalo hutokea. Lakini stesheni haisemi maneno yaleyale mahali palepale kila siku. Kilichokuwa kinasema kilikuwa ndani ya kaseti, na yeye alikuwa anasema hapo mwanzo kaseti ilikuwa kimya. Niliuliza tu kama amemwambia pasta. Akasema pasta angeomba sauti iondoke, naye hataki iondoke.

Kuanzia hapo nikaona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kabati la vyombo lilikuwa linapungua. Blanketi zake nzuri zilikuwa zimeenda kwa jirani, vitenge kwa wanawake wa kanisa, na mimi nilipewa sufuria kubwa ya pilau, ya mtu mwenye familia, huku akisema nitaolewa siku moja. Mbegu za mahindi za msimu hazikununuliwa. Mikono yake ilikonda mpaka bangili ikawa inateleza hadi kiwiko akiinua birika. Siku moja nikiwa nafua nje niliwasikia wanawake wawili wakitoka kumwona, mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu anajitayarisha," na mwenzake akasema, "Wacha, hata mimi nimeona." Kisha wakanisalimia. Wiki hiyohiyo Mama Elija aliniambia nianze kutafuta chumba kingine, polepole, hakuna haraka, ila nisichelewe sana.

Alipoketi karibu nami jioni moja na kuniomba msaada, nadhani nilikuwa naogopa kitu tofauti na nilichokiogopa mwanzo: sasa nilimwogopea yeye.

"Wewe si unasomea hizi vitu? Anaongea chini sana," alisema. "Nifungulie hiyo sanduku umlete karibu kidogo. Nataka kusikia kama ameniambia siku ya kwenda."

Sanduku alilosema lilikuwa priampu, kile kisanduku kinachopokea sauti hafifu kutoka kwenye kaseti na kuipa nguvu kidogo kabla haijaenda kwenye amplifaya. Elija alikuwa ameiunda mwenyewe, kwa bati la debe lililonyooshwa vizuri. Kesho yake alasiri niliiweka juu ya meza ya chakula nikaifungua, Mama Elija akiwa amekaa karibu kama anayengoja daktari. Ndani palikuwa pasafi ajabu. Waya za upande wa kushoto alizipitisha kushoto, za kulia zikapita kulia, na katikati akaweka ukuta wa bati ili pande mbili zisisikilizane. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha jambo hilo mwaka uleule: sauti huvuja. Pande mbili zikikaa karibu, au zikitegemea waya mmoja uliolegea, ya huku hupenya kule ikiwa ndogo na nyembamba, imepoteza uzito wake. Nyuma ya kitufe cha sauti kulikuwa na waya mweusi ambao pande zote mbili ziliutumia kurudisha umeme wake. Ulikuwa umeng'oka. Nyuzi chache tu, kama za nywele, zilikuwa bado zimegusa.

"Hii ilianguka?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Wakati wa matanga. Vijana walikuwa wanatoa viti kupisha watu, wakaigonga ikaanguka. Lakini iliendelea tu kulia, haikuharibika."

Nakumbuka nilikaa na bisibisi mkononi, na kile kilichokuwa kimenitesa kwa majuma kikafunguka chote mara moja, na hakikunipa nafuu yoyote. Wakati Elija anaimba, sauti iliyovuja kutoka upande wa pili ilifunikwa na yake. Alipokuwa kimya ndipo ilipojitokeza. Aliyekuwa anamwita mama huyu kila alasiri alikuwa yule anayesimama kila Jumamosi nje ya mlango wa jikoni. Ningeweza kuushika ule waya kwa risasi ya kulehemu na kunyamaza. Sauti ingekatika, naye angedhani mwanawe amemkasirikia kwa kuchelewa. Sikujua angefanya nini baada ya hapo. Kwa hivyo sikuugusa. Nilirudisha priampu mahali pake, nikaondoa kitambaa kwenye spika ya kushoto na kuigeuza, na kabla hajauliza nikazungusha balansi mpaka mwisho wa kushoto, mahali ambapo haikuwa imepelekwa tangu mazishi. Nikabonyeza.

Wimbo uliisha, safari hii kwa sauti ya Daudi. Kisha, kubwa, yenye kifua, karibu kama mtu aliyeketi kwenye kochi, na kicheko ndani yake: "Mama, uko wapi? Wacha hiyo jiko, kuja ukae na sisi. Sasa ni ule wimbo wako."

Mama Elija alisimama. "Zima," alisema. Nikazima. "Nani alikuambia uguse huo upande?"

"Mama, ni sauti ya Daudi. Kuna waya imekatika, inavuja kwa upande wa Elija. Alikuwa anakuita siku ile walirekodi, uje uwasikilize."

"Kwa hivyo Elija hajaniita."

"Hajakuita, Mama."

Alitazama ile spika ya kulia kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitanda ambacho mgonjwa ameshatolewa. "Sasa umeniachia nini?" aliuliza, na nikagundua kwamba anataka jibu kweli. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, na hakuna ukimya ulionitisha kama wa siku zilizofuata. Kaseti haikuchezwa. Saa ya chai ilifika, nikajikuta nimeinua kichwa kusubiri, na hakukuwa na kitu, na upande wa pili wa ukuta nilijua naye ameketi akisubiri uleule utupu. Hakunisemesha ila kunipakulia. Nilianza kufunga vitu vyangu. Nilikuwa na hakika kwamba nimemkatia kamba ya mwisho aliyoishikilia, na kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni nilisimama mlangoni kwake mpaka nisikie anakohoa.

Jumamosi Daudi alikuja na mkebe. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Mama Elija aliupokea, akamimina, akausuuza. Lakini badala ya kumrudishia aliuweka juu ya meza, na bila kugeuka akamwuliza, "Siku mlirekodi, uliniita nikiwa wapi?"

Daudi alinitazama mimi kwanza, kwa mazoea, kama anayengoja nimfikishie swali. Niliendelea kuchambua maharagwe.

"Ulikuwa hapa," alijibu. "Hapo kwa jiko. Ulikuwa unapika mandazi."

"Nilikuja?"

"Hapana, Mama. Ulisema uko na kazi."

Alikaa hivyo, mgongo umetugeukia, mikono imeshika ukingo wa meza. Maziwa yalianza kupanda kwenye sufuria nikainuka kuyaondoa, na nilipogeuka alikuwa ameshafungua mlango wote. "Ingia," alimwambia. "Unaleta baridi."

Alitaka sanduku litengenezwe siku hiyohiyo. Daudi alishika kifuniko na mimi nikauunganisha ule waya. Tulipomaliza, Mama Elija aliketi katikati ya spika mbili na kusema apewe kwanza upande wa kulia, peke yake. Nilimwambia kwamba sasa hapo katikati hatasikia kitu. Akasema anajua, anataka tu kusikia hicho kitu ambacho hakipo. Nikazungusha balansi. Elija aliimba mpaka mwisho. Ukaja mvumo, msafi, bila mtu, na nikaona Daudi amefumba macho. Halafu, mahali palepale ambapo siku zote ile sauti nyembamba ilikuwa imesimama, tukasikia kitu kilichokuwa chini yake muda wote, kidogo, karibu sana na maikrofoni. Mtu alivuta pumzi. Kisha Elija akasema taratibu, kama anayejisemesha, "Mwache apike. Atakuja baadaye."

Wimbo uliofuata ukaanza.

"Hiyo sijawahi kusikia," Daudi alisema. "Yeye ndiye alikuwa na vile vya kuvaa masikioni. Alikuwa ananisikia, mimi simsikii. Sikujua alijibu."

Nilinyoosha mkono kuzima, Mama Elija akanizuia. Alikuwa amegeuza uso kuelekea ukuta wa chumba changu, na usoni mwake kulikuwa na hali ambayo sijawahi kuipatia jina. Haikuwa furaha wala hofu. "Baadaye," alisema, akilipima neno. Akarudisha balansi katikati kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu wawili wakaimba pamoja sebuleni, mmoja akiwa amekaa palepale na mdomo amefumba. Wimbo ulipokwisha mama alimwuliza Daudi kama amekula, Daudi akasema bado, naye akasema hata yeye ana njaa, na akaenda kutafuta sahani. Zilikuwa zimebaki mbili tu kabatini. Mimi nilikula kwenye kifuniko cha sufuria.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alihamia Njoro kwa Daudi, akalea wajukuu, akanenepa, akawa mkali kwa wauza mbegu. Nilimaliza masomo yangu nikiwa katika chumba kilekile, na sikuwahi tena kumsikia akiongea na mtu asiyeonekana. Njia ya kila sauti iliyotoka kwenye lile sanduku naifahamu, nimeishika kwa vidole vyangu, na naweza kumweleza yeyote ni kwa nini tulisikia tulichosikia. Sijawahi kuweza kueleza ni kwa nini Elija alisema vile, kwa sauti ile, chumbani mwake peke yake.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakikunja hema, Daudi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Aliniambia Mama alikufa alasiri, saa ya chai, akiwa macho, na ndani ya chumba hapakuwa na redio wala simu. Alikuwa ameketi na mto mgongoni. Aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza, kisha akasema "Haya," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.